Kadi Arobaini za Taman Sari

Jumatatu, 16 Juni

Wiki ya kuwatembeza wageni imeanza. Darasa zima tumesambazwa Taman Sari, kwenye mabwawa ya kale ya sultani hapa mjini kwetu Jogja, kila mmoja na daftari lake la maoni. Bu Sulastri, mwalimu wetu wa Kiingereza, amesema atakayeandikiwa sifa nyingi zaidi na wageni ndiye atakayekwenda Kambodia na ujumbe wa vijana kuona mahekalu ya Angkor.

Angkor! Nimeisoma tangu nina miaka tisa. Najua hata upana wa handaki lake la maji. Mwenyewe sijawahi kuvuka mji jirani wa Solo.

Tatizo moja: lazima niongee na watu.

Nimesimama langoni saa tatu nzima. Nimesema "halo" mara moja. Kwa paka.

Tegar, jirani yetu, ana maneno thelathini ya Kiingereza na yote huyapigia kelele. Kachukua Wajerumani sita. Walikuwa wanacheka. Wanacheka nini? Nitamchunguza.

Jumanne, 17 Juni

Nimepata dawa! Usiku kucha nimeandika kadi arobaini kwa Kiingereza safi. Mgeni anapewa kadi, anatembea mwenyewe, mimi nakimbia njia ya mkato na kumsubiri kwenye msikiti wa chini ya ardhi, daftari mkononi. Hakuna kuongea!

Kadi inasema: kutoka bwawani nenda kaskazini hatua sitini. Kwenye nyumba yenye tundu la ndege geuka magharibi. Kisha kaskazini tena mpaka ngazi. Hata mtoto wa chekechea hapotei.

Nimegawa kadi kumi na moja. Nimesubiri saa mbili. Hakuna aliyefika. Hata mmoja!

Watu kumi na mmoja hawapotei kwenye vichochoro vya mtaa mmoja. Wameibwa.

Jumatano, 18 Juni

Nimejificha nyuma ya vitambaa vya batiki vilivyoanikwa, nikawafuatilia wazee wawili wa Kideni, mume na mke. Wakasoma kadi. Wakaigeuza juu chini. Wakatazama angani. Kisha wakaenda kusini. Kusini! Makusudi kabisa.

Baada ya nusu saa nimewakuta uani kwa mama yake Tegar wakila ndizi za kukaanga. Pamoja nao, wageni wangu wengine wanne, wanajipepea kwa kadi zangu! Tegar hata haya hana. Akaniita kwa sauti: karibu Nastiti, ndizi bado za moto, hawa wageni wako nawaokota kila kona kama mayai ya kuku asiye na banda.

Ameungama mbele ya mashahidi.

Mzee wa Kideni akaniandikia daftarini: "Kadi nzuri sana. Lakini kaskazini ni upande gani?"

Kejeli hizo. Mtu mwenye mvi asijue kaskazini? Bibi yangu tukilala hunigutua nisogee mashariki, nimembana. Sukari kwetu iko rafu ya kusini. Nani asiyejua? Hawa wamefundishwa la kusema.

Alhamisi, 19 Juni

Nimempelekea Bu Sulastri ripoti ya kurasa nne, pamoja na mchoro wa utekaji. Akaisoma yote. Akachukua kadi, akaifuata mwenyewe. Kafika msikitini kwa dakika nne, bila kumuuliza mtu. Akasema kadi iko wazi kabisa, naye hajui wageni wamepatwa na nini.

Nilijua! Kadi haina kosa. Basi kuna mkono wa mtu.

Jioni Tegar akanisimamisha njiani. Eti wazungu hawana kaskazini kichwani, wana kushoto na kulia tu. Niwaonyeshe kwa mkono, basi, watakwenda wenyewe. Alisema kwa upole. Upole mno! Anataka nipunge mikono hadharani kama anayefukuza kuku, apate la kusimulia shuleni.

Sinaswi. Nimeziandika kadi upya kwa usahihi zaidi: kaskazini-magharibi, kusini-mashariki.

Jumamosi, 21 Juni

Matokeo. Tegar, sifa sitini na tatu. Mimi, swali moja.

Nimelia bafuni, bomba wazi ili Bibi asisikie. Miaka saba ya kusoma, na Angkor anakwenda mtu anayedhani iko Uchina.

Alasiri Bu Sulastri kaja nyumbani. Mwanafunzi wa shule jirani ana tetekuwanga, kiti kimoja cha ujumbe kiko wazi, na Tegar ameomba nipewe mimi. Kamwambia mwalimu kuwa yeye hajui hata mlango wa Angkor, Nastiti ameimeza yote, bila Nastiti atawadanganya watu mpaka aone aibu.

Nimerukaruka hadi Bibi akadhani nimeumwa na nge. Kisha nikakaa nikafikiri. Mtu ashinde, halafu amwite aliyemshinda? Kuna jambo. Anataka nipotelee huko.

Nimeanza kadi za Angkor.

Jumamosi, 5 Julai, Siem Reap, Kambodia

Tulifika jana kwa ndege. Leo asubuhi nimeiona Angkor. Minara yote mitano, na mingine mitano kichwa chini majini. Kwa dakika nzima sikumshuku mtu yeyote.

Kisha nikagawa kadi na kutangulia, macho kwenye kadi yangu. Ingia kwa magharibi, nenda mashariki moja kwa moja. Vijana wote kumi na wawili wa ujumbe wakanifuata. Nimewafikisha vyooni. Tukarudi, tukaanza upya. Nikawafikisha kwenye maegesho ya bajaji. Wenzangu wakaanza kubishana, kila mmoja akionyesha kaskazini yake. Watu wa Jogja wazima! Tegar akamwambia dereva wa bajaji neno moja tu, "Angkor", dereva akanyoosha mkono, na kundi lote likamfuata Tegar. Akanivuta mkono wa shati: twende profesa, hekalu liko huku, nikose mtu wa kunieleza hizo sanamu?

Lilikuwa huko.

Nimelichunguza jambo hili kwa makini. Kadi haina kosa, nimeikagua mara tatu. Ila jua la hapa limechomoza kusini. Nimeliona kwa macho yangu. Jua halijihamishi lenyewe.

Nimemuuliza Tegar alikuwa wapi alfajiri. Anasema alikuwa amelala. Shahidi hana.