Valvu za Mzee Orval

Jumatatu, 6 Oktoba
Amplifaya ya baba mkwe inakoroma. Valvu zake mbili kubwa, zile taa za kioo za kukuza sauti, zimechoka. Na Jumamosi mwenyewe, Mzee Orval, anatimiza miaka themanini, sherehe ukumbi wa zimamoto. Zawadi aliyoomba ni moja tu: nimpigie gitaa kwa amplifaya yake, aisikie tena. Mikono yake siku hizi inatetemeka, hapigi. Mke wangu Nadine kasema niende dukani kwa Royce, ninunue mpya, nirudi. Lakini mpya kila mtu anazo. Na Royce ndiye aliyepiga gitaa akashangiliwa kunishinda kwenye maonyesho ya kaunti.

Jumanne, 7 Oktoba
Royce kanionyesha mpya. Kasema nimletee na amplifaya aurekebishe umeme wake, maana valvu hazichomekwi hivi hivi tu. Macho yangu yalikuwa kwenye amplifaya yake mwenyewe, nyuma ya kaunta. Valvu za zamani, kiwanda kilishafungwa, maandishi bado yanasomeka. Kumbe siri ya sauti yake ndiyo hiyo. Nikajikohoza. Nikamwambia kwamba hali ya Mzee Orval ni mbaya, daktari kakata tamaa, anatamani sauti ya ujana wake. Royce akazichomoa palepale akanipa. Akaniita ndugu yangu. Nilijisikia vibaya mpaka nilipofika kwenye gari.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimezifuta vumbi zing'ae mbele za watu. Maandishi yote yamefutika, yamebaki kwenye kitambaa. Sasa ni vichupa viwili visivyo na jina. Nani ataamini ni za zamani? Laiti ningeziacha na vumbi lake.

Alhamisi, 9 Oktoba
Kanisa zima limeleta chakula. Mabakuli ya kuku, ya maharage mabichi, meza haionekani. Royce alimtangaza mzee kwenye maombi. Mzee mwenyewe alikuwepo, sahani ya pili mkononi, kasema kama msiba wake una mapishi haya angekufa mapema. Nadine hakucheka. Kaniuliza kama nina haya hata kidogo. Kaniamuru nimrudishie Royce vitu vyake. Nikasema sawa. Baada ya Jumamosi, nikamalizia moyoni.

Ijumaa, 10 Oktoba
Royce kapiga simu. Ameshajua mzee ni mzima, ila hana hasira, na hilo ndilo linaloniuma. Kasema nikae nazo, ila tafadhali nimpelekee amplifaya aipime kwanza. Nikasema nimeshapima. Ningeendaje? Angeona nilivyozifuta.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nilipiga nusu wimbo. Jamani, ilikuwa tamu. Mzee alifumba macho. Halafu valvu zikaiva nyekundu kama makaa, moshi, kimya. Transfoma ya ndani ya amplifaya imeungua. Royce alichomoa waya kabla sijaelewa kitu. Mzee alibaki amefumba macho, anasubiri niendelee. Nilishindwa kumwambia. Nadine ndiye aliyemshika mkono.

Jumapili, 12 Oktoba
Sijala. Mzee kaniambia, "Usijali mwanangu, nusu niliisikia." Heri angenitukana. Royce kasema ataweka transfoma mpya, bure, na mzee atasikia wimbo mzima wiki ijayo. Mpya! Kwa amplifaya ile? Kuna bwana mmoja mji wa Tulsa anayo ya enzi zile, haiuzi kwa yeyote. Nimempigia. Nimemwambia madaktari wamenipa miezi mitatu tu ya kuishi. Kalia sana, maskini. Nami nikalia, maana nilivyoisema ilihuzunisha kweli. Kesho naifuata.