Puto la Kuzibulia Koo Langu

Jumatatu, 3 Machi
Miaka arobaini na mbili ya ufundi bomba. Hakuna bomba lililowahi kunishinda. Leo naambiwa bomba langu mwenyewe, lile la chakula, limebana! Asidi ya tumbo imelichoma likafanya kovu. Limebaki tundu la kupita penseli. Daktari ni binti, rika la kitinda mimba wangu. Kaniamkia vizuri, kisha kaanza kunifundisha mabomba. Mimi!

Mwezi wa saba huu nakunywa uji nyuma ya nyumba kama mwizi, nisionekane nikipaliwa. Mama watoto anakula mezani peke yake. Siku hizi hata haniiti. Hilo linauma kuliko koo.

Jumanne, 4 Machi
Njia ziko tatu, zote kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Kuna puto: linapelekwa limenywea mpaka penye kovu, linajazwa maji, linatanua. Kuna vijiti laini, chembamba kwanza, halafu kinene. Kuna na kibomba cha wavu cha kuachwa humo ndani, lakini hicho ni cha makovu sugu, tena huweza kuteleza. Daktari kasema puto na vijiti havipishani sana. Kwangu kachagua puto. Kitu cha kuchezea watoto! Jirani yangu, fundi cherehani, alifanyiwa vijiti. Sasa anatafuna karanga dirishani makusudi nimwone.

Nimedai vijiti, vyote, siku moja. Kakataa. Eti bomba litapasuka, twende kidogo kidogo, pengine mara tatu. Nikamwambia mimi huzibua mara moja. Kacheka. Sikuwa natania.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya puto. Walisema nisile chochote tangu jana. Lakini fundi gani anagusa bomba bila kulipima kwanza? Nikapima. Kipande cha nyama, kidogo tu, asubuhi.

Kikakwama. Hata mate hayapiti. Nimefika hospitali nimekumbatia beseni. Muuguzi kauliza nimekula nini. Nikaandika kwenye karatasi: sijala.

Kamera haina heshima kwa mtu mzima. Daktari kakivuta kipande, kakitia kwenye kichupa. Koo limevimba, puto limeahirishwa wiki nzima. Mama watoto alikipakata kile kichupa njia nzima. Tulipofika mlangoni ndipo akasema, "Baba watoto, miezi saba nakula na kiti kitupu. Unataka nikizoee?"

Nimekwenda nyuma ya nyumba na uji wangu. Haukushuka.

Alhamisi, 13 Machi
Puto. Nimelala, nimeamka, kwisha! Daktari kasema imekwenda vizuri. Vidonge vya asidi kila siku, vyakula laini tu, nirudi baada ya wiki mbili atanue tena. Nimemwuliza kwa nini arudie kazi iliyokwenda vizuri. Kaishia kuzungumza na mama watoto.

Jumamosi, 15 Machi
Nimekaa mezani. Mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Umeshuka. Wa pili nao. Mama watoto kainuka, kasema anatafuta chumvi. Chumvi ya mkate wa maziwa! Kakaa huko jikoni kitambo. Karudi macho mekundu, bila chumvi.

Jumapili, 16 Machi
Mama watoto kaenda kwa binti yetu, atarudi mchana tule pamoja. Kiti chake nimekivuta karibu na changu. Koo liko sawa kabisa. Ila fundi haondoki kwenye kazi bila kuipima.

Fundi cherehani yuko dirishani. Nimemwomba karanga tano tu. Beseni liko karibu.