Meneja Ataka Takataka Zote Nje

Duniani kuna watu wawili tu wanaoweza kukutoa sebuleni kwako ukiwa mzima: jambazi mwenye bunduki, na shemeji anayejiandaa kwa picha za uchumba. Jambazi ana nafuu. Akishapata anachotaka huenda zake, hakuombi umfutie kioo.

Shemeji yangu huyu ni mdogo wa mume wangu, na mtaa mzima unamwita Meneja. Kazi yake ni kuuza simu kwenye duka la mtu. Umeneja ulianza siku mwenye duka alipokwenda kula mchana akamwachia funguo. Mwenye duka aliporudi, funguo alirudishiwa. Cheo, Meneja akabaki nacho!

Basi akapata mchumba, fundi cherehani. Sisi tulikuwa tunamsikia tu, hatujamwona. Kila mume wangu alipouliza lini ataletwa tumsalimie, jibu lilikuwa mambo mazuri hayataki haraka. Sasa siku za picha zilipokaribia, Meneja akaja mpole kama kondoo. Sebule yetu ina dirisha kubwa, alisema, na mwanga wake wa asubuhi unapendeza kwenye picha. Tumwazime kwa asubuhi moja tu.

Mume wangu ni fundi mwashi. Nyumba hii ameijenga kwa mikono yake, jioni baada ya kazi za watu, tangu hatujaoana. Akasema hakuna neno, huyo mdogo wangu. Mimi nikaendelea kumbembeleza mtoto. Mwenye mtoto anayeota meno hana nguvu za kugombana na mwanga wa asubuhi.

Jamani, maandalizi! Kila jioni alikuja kufanya mazoezi mbele ya kioo cha kabati langu. Mkono mfukoni. Mkono nje. Kidole gumba mfukoni na vingine nje, kama vimefukuzwa. Alikuwa na tabasamu la upande wa kushoto, tabasamu la upande wa kulia, na lile aliloliita la kutafakari. Hilo la tatu mwanangu aliliona mara moja tu, akalia mpaka akapaliwa.

Usoni alijipaka vitu ambavyo mimi siku ya harusi yangu sikuvipaka. Ute wa yai, unga, vipande vya tango. Angesogea karibu na jiko kidogo tu, tungemla.

Akaja pia na simu ya maonyesho, zile za kuwekwa kwenye kioo cha duka, ganda tupu lisilo na kitu tumboni. Alitaka picha moja awe anaongea na watu wakubwa. Nilimtazama, nikaitazama simu. Nikaona wameendana.

Siku ikafika. Mume wangu alikwisha kwenda kazini, Meneja akaingia na suti ya rangi ya maziwa, nyeupe hata mtoto niliogopa kumpitisha karibu. Akaanza kuamuru. Ndoo ya nepi itoke. Kalenda itoke. Kitambaa cha meza nilichofuma nikiwa mjamzito, hicho alikishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

Ukutani ilikuwepo picha yetu ya harusi, kubwa, ya fremu. Hiyo aliishusha mwenyewe. Nikamuuliza imemkosea nini. Akasema inapigana na mwanga, akainama aisukumie chini ya kiti.

Hapo sina budi kukieleza hicho kiti. Ni kiti cha mume wangu, cha mtu mmoja, chenye mikono mipana utadhani cha hakimu. Mguu mmoja wa nyuma ulivunjika zamani. Mtu mwingine angemwita seremala. Mume wangu mwashi, akaweka tofali. Tena akalisawazisha kwa pima maji! Toka siku hiyo kiti kile ni kama mlima, na nyumba nzima tunajua kwamba unaweza kufagia popote, tofali usiguse. Meneja naye hujitupa pale kila jioni akisubiri chakula. Ila mtu anayekaa akaletewa hana haja ya kuangalia chini.

Leo, akiisukuma fremu, aliangalia. Akaliona tofali.

"Na hili nalo?" akauliza. "Tofali sebuleni?"

Nikaanza kumwambia, "Shemeji, hilo tofali lina kazi…"

"Shemeji, nimesema takataka zote nje."

Sikutaka kuambiwa mara mbili. Nililivuta taratibu, kiti nikakiegemeza ukutani, nacho kikajikaza kama mlevi anayesalimiana na mkwewe. Nikatoka, mtoto mgongoni, tofali mkononi. Mke mtiifu nilikwisha kuwa zamani. Siku hiyo nikawa shemeji mtiifu pia.

Mchumba akaja na mpiga picha. Binti mtaratibu, gauni kalishona mwenyewe, limemkaa hata ukitafuta mshono huuoni. Alinisalimia kwa mikono miwili, akamchungulia mtoto usingizini, akauliza mimi ni nani.

"Huyo ni dada wa kazi," Meneja akamwambia. "Anatusaidia saidia hapa."

Neno hilo nililimeza likashuka kama mfupa. Ningeweza kusema. Lakini mtoto ndiyo kwanza alikuwa amelala, na zaidi ya hapo nilitaka nione uongo wa mtu mzima unaweza kutembea umbali gani bila viatu. Ila yule binti nilimhurumia. Mwenzangu anapelekwa kwenye ndoa, na nyumba anayoonyeshwa ni yangu.

Uongo ulitembea, tena ulikimbia. Meneja alimzungusha sebuleni akipiga kuta makofi. Nyumba hii, alisema, ameijenga mwenyewe, tofali la kwanza mpaka la mwisho, amebeba mchanga mpaka bega likaota sugu. Mtu huyu siku ya kumwaga zege aliitwa na kaka yake, akasema ana mafua!

Mchumba akaomba maji ya kunywa. Meneja akataka kuonekana mume mwema, akasema atayaleta yeye. Akafungua kabati la kwanza: nepi. La pili: sufuria, na moja ikamwangukia mguuni. La tatu hakulifungua, akabaki analiangalia kwa lile tabasamu la kutafakari. Nikapeleka glasi mimi.

Binti alikunywa polepole huku macho yakitembea. Fundi cherehani huyo, kazi yake ni kuona palipopinda. Akasimama mbele ya ukuta, pale ambapo rangi ilikuwa bado mpya, umbo la fremu kamili, na msumari mmoja mtupu juu yake. Akauliza hapa palikuwa na nini.

Meneja akasema palikuwa na ramani ya ghorofa anayotaka kuongeza.

Picha zikaanza. Wakasimama dirishani, wakasimama mlangoni, mkono mfukoni, mkono nje. Halafu Meneja akataka ile kubwa, ya kitini, akiongea na simu na mchumba akiwa pembeni. Mpiga picha akalalamika kwamba ukuta unaleta kivuli, kiti kije mbele kidogo. Meneja akakivuta, akakaa kwenye ukingo wa mbele, kifua nje, ganda la simu sikioni. Kiti kikatulia! Nikamwomba Mungu anisamehe, maana nilisikitika.

"Haya, bosi," mpiga picha akasema jicho likiwa kwenye kamera, "umekaa kama mgeni. Jiegemeze. Kaa kama mwenye nyumba."

Meneja akajiegemeza.

Kiti kiliinuka mbele kama farasi aliyeona nyoka, kikageuka ubavu, kikammwaga mheshimiwa sakafuni. Suti ya maziwa ikaenda juu, miguu ikaenda juu, na soksi zote mbili zikaonyesha visigino vilivyotoka kuchungulia dunia. Simu iliruka ikapiga meza ikafunguka katikati. Ndani hamkuwa na kitu. Mpiga picha, kwa mazoea ya kazi, hakuacha kubonyeza.

Na pale kiti kilipokuwa, fremu yetu ikabaki wazi sakafuni, uso juu.

Mchumba hakwenda kumwinua mtu. Aliinama akaiokota picha. Akaitazama sana. Mimi ndani ya shela, mume wangu pembeni, amekaa kwenye kiti kile kile enzi zake, miguu yote minne. Akaniangalia. Akauangalia msumari. Kisha akauliza taratibu, kama anayeuliza bei ya uzi:

"Mbona dada wa kazi amevaa shela?"

Meneja akiwa chini akasema ataeleza. Binti alinigeukia mimi.

"Dada, nyumba hii ni ya nani?"

Nikamwambia ni ya mume wangu, na huyo aliyelala hapo ni mdogo wake, na tofali la kiti liko nje, alisema ni takataka. Binti alijiziba mdomo kwa mkono, mabega yakamtikisika, nami nikashindwa, tukacheka mpaka mtoto akaamka. Kisha kicheko kikamwisha ghafla, macho yakalengalenga. Aliifuta fremu kwa pindo la gauni lake na kuitundika kwenye msumari wake.

Meneja alikuwa amesimama, anajikung'uta magoti. Binti akamwambia kwamba nyumba hakuwa ameitaka, na angekuja hata kwenye chumba chenye mkeka. Ila sasa harusi isimame. "Ukishanunua kiti chako mwenyewe, uniite nije kukaa. Kimoja tu. Sitaki seti."

Halafu akasema mpiga picha hawezi kuondoka na visigino tu. Akakisimamisha kiti, akaniketisha mimi. Nilikataa, nikasema khanga imechakaa na mtoto ana makamasi. Hakusikia, alitoa pini kwenye gauni lake akanitengenezea kilemba. Kiti kikayumba. Nikasema niende nikachukue tofali.

"Kaa, dada," akasema, akamgeukia Meneja. "Wewe njoo ushike hapa."

"Nishike nini?"

"Palipokuwa na takataka."

Akapiga magoti, suti na umeneja wake, akashika.

Picha hiyo sasa iko ukutani, pembeni ya ile ya harusi. Mimi nimekaa, mtoto kakodoa macho, binti amesimama karibu yangu. Jioni picha ilipoletwa mume wangu aliiangalia, akauliza mbona kwenye picha ya uchumba mwenye uchumba hayupo. Nikamwonyesha kwa kidole, chini kabisa, nyuma ya kiti: vidole vinne vimeshikilia mbao.

Akavisogelea vile vidole.

"Kumbe naye," akasema, "kuna siku amefanya kazi kwenye nyumba hii."