Usukani wa Gari la Babu

Jumatatu, 4 Machi

Kasheshe nyumbani. Shangazi ametangaza wakati wa chai kwamba banda la gari analitaka kwa ajili ya vyerehani vyake. Wateja wameongezeka, sebule imejaa vitambaa, jana Babu alikalia pini. Gari liondoke. Mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja na lori Jumamosi, saa nne asubuhi.

Babu aliweka kikombe chini, akatoka, akaenda kukaa ndani ya gari lake. Ni gari dogo la Kiitalia, rangi ya maziwa, limetengenezwa kabla Shangazi hajazaliwa. Injini inawaka bila matata. Tatizo ni usukani. Ukiuzungusha unazunguka tu kama feni. Magurudumu hayana habari.

Nilimfuata Shangazi jikoni nikamwambia kwamba si haki. Nilisema kwa sauti ndogo, ikabidi aniulize mara tatu nimesema nini. Akajibu kwamba yeye si katili. Gari likitoka uani Jumamosi, likafika barabara kuu na kurudi, Babu akiwa kwenye usukani, ataliachia nafasi mwaka mwingine. Likishindwa, lipande lori.

Binamu yangu, yaani mwanawe, alicheka mpaka akapaliwa. Hujiita Injinia kwa sababu aliwahi kubadilisha balbu. Akasema, "Wewe Maktaba, utatengeneza gari? Wewe si ndiye uliyesoma maelezo ya friji kabla ya kulifungua?"

Kweli niliyasoma. Yalikuwa maelezo mazuri.

Nimeapa. Nitakipata kifaa kinachotakiwa. Nina siku tano. Sijui kinaitwaje.

Jumanne, 5 Machi

Sasa najua! Fundi wa gereji ya mtaa wa pili alikuja, akalala chini ya gari dakika tatu, akatoka na grisi kwenye nyusi. Akasema stelingi boksi imekwisha. Hicho ndicho kisanduku cha chuma kinachopokea mzunguko wa usukani na kuyageuza magurudumu. Meno ya ndani yamelika yote. Nilete jingine, yeye atalifunga.

Nilikuwa na maswali kumi na moja, nimeyaandika kwenye daftari. Nilipofika la kwanza nikaona haya, nikamuuliza kama ana kiu.

Basi nikageukia vitabu. Vitabu havikukodolei macho. Ndani ya gari mna kitabu cha mwongozo, chote Kiitalia. Maktaba ya shule ina kamusi moja ya Kiitalia, ya watalii. Usukani haumo. Lakini boksi limo (la pipi), na kulia na kushoto yamo, kwa ajili ya watalii waliopotea. Nikaunganisha moja moja. Kwa dakika chache nilijiona msomi wa kuogopwa.

Kisha balaa. Ukurasa wa themanini na nne wa kitabu unaonyesha maboksi mawili. Yanafanana kama mapacha waliogombana: moja limegeukia huku, jingine kule. Moja ni la gari la kulia, jingine ni la gari la kushoto. Babu hukaa kulia. Rahisi, nikafunga kitabu.

Nikakifungua tena. Kulia kwa nani?

Jumatano, 6 Machi

Kipindi cha hisabati kimenipita hivi hivi. Mwalimu aliniuliza jibu, nikasema kushoto.

Lakini nimelitatua. Mchoro wa kitabu unaonyesha taa za mbele. Maana yake mwandishi amesimama mbele ya gari, analitazama. Mimi msomaji nimesimama naye. Nilikwenda uani kuhakikisha. Babu alikuwa ndani ya gari, kama kawaida yake siku hizi. Nikasimama mbele ya boneti, nikanyoosha mkono kuelekea alipokaa. Mkono wa kushoto! Babu akanipungia, akidhani namsalimu.

Kwa hiyo, kisayansi, gari la Babu ni la kushoto. Ajabu familia nzima imeishi nalo miaka yote bila kujua.

Baada ya shule nikaenda kwenye duka la spea kuukuu, nyuma ya gereji. Mwenyewe anaitwa Mzee Nati. Rafu mpaka darini, harufu ya oili ya zamani, vyuma vimening'inia kwa nyaya kila mahali. Nikampa karatasi yangu: jina la gari, mwaka, mchoro, na neno KUSHOTO nimelipigia mstari mara mbili. Akaisoma ameinyoosha mbali na macho. Akaingia ndani, akarudi na maboksi mawili. Yote mawili anayo!

Akaniuliza dereva hukaa upande gani, binti. Nikaonyesha karatasi. Akaniuliza tena, polepole, kama anaongea na kiziwi. Nikaonyesha neno lenye mistari miwili. Akainua mabega. "Haya. Mwenye gari ndiye anajua."

Hela hakutaka. Aliona mwandiko wangu. Anataka rafu zake zote ziwe na vibandiko vya majina, macho yake yamechoka. Nikimaliza kesho, boksi ni langu.

Jumamosi haijafika na mimi tayari nina dili.

Jumanne ijayo nina mtihani wa historia. Sijagusa.

Alhamisi, 7 Machi

Niliandika vibandiko mia moja na kumi na nne. Mzee Nati alipotoka kwenda kunywa chai, nikaona niongeze wema: nikavipanga vitu vyote upya kwa alfabeti.

Aliporudi alikuja mteja wa plagi. Mzee Nati akapeleka mkono bila kutazama, mahali ambapo plagi zimekaa miaka thelathini, akatoa honi. Akaitazama honi. Akapeleka mkono mahali pengine, akatoa kioo cha pembeni. Mteja wa pili alitaka waya wa klachi. Upo kwenye W au K? Mteja alisema K, Mzee Nati akasema yeye hajui tena chochote katika dunia hii. Ni W. Ningewaambia, ila nilikuwa nimejificha nyuma ya rejeta.

Akanikabidhi boksi kwa haraka ya ajabu. "Chukua, binti, chukua, nenda nyumbani, Mungu akubariki, usirudi." Mtu mkarimu sana.

Boksi ni zito. Mkanda wa begi ulikatika nikiwa nusu ya njia, nikalibeba mikononi, nimelifunga kwenye sweta la shule. Injinia alikuwa getini na wenzake. Akauliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Wakacheka wote. Jibu zuri lilinijia nilipokuwa naoga.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi amekuja alasiri. Amehangaika. Boksi lilikuwa linakataa. Akaligeuza hivi, akaligeuza vile, akalitukana kwa upole. Akatoa kichwa chini ya gari. "Dada, una uhakika hii ni ya gari hili?" Nikamwonyesha kitabu. Akakitazama kile Kiitalia, akakirudisha kwa heshima kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa mwenzake. Mwishowe akalifunga kichwa chini miguu juu, akapanua tundu moja la bolti. Alisema limeingia, ila limeingia kwa shingo upande.

Simu yake ikaita, mteja amekwama mahali. Akatuachia kazi ya mwisho: Babu azungushe usukani, mimi nisimame mbele nitazame magurudumu.

Nikasimama mbele ya boneti na daftari. Babu akapaza sauti, "Kulia!" Magurudumu yakaelekea kulia. "Kushoto!" Yakaelekea kushoto. Niliyaona kwa macho yangu mawili. Mara sita kati ya sita. Nimechora jedwali.

Babu akashuka, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili. Akachukua kitambaa akaanza kulifuta gari, hata chini ya milango, mahali ambapo hakuna atakayepaona.

Injinia alisema tu, "Tutaona." Wivu.

Jumamosi, 9 Machi

Saa nne kamili lori likafika. Likasimama nje ya geti, upande wa kushoto, nyuma yake imetuelekea, mbao mbili za kupandishia zimeshashushwa. Dereva wa lori ndiye mnunuzi mwenyewe. Alikuwa anakula ndizi. Shangazi alitoka na futi ya kupimia nguo shingoni. Fundi alikuja kuona kazi yake. Babu alivaa koti.

Injini ikawaka mara moja. Gari likatoka getini limenyooka kama rula. Nikapiga makofi, peke yangu.

Barabara kuu iko kulia. Babu akakata kulia. Gari likaenda kushoto. Babu akakata kulia zaidi. Gari likaenda kushoto zaidi. Likazikuta zile mbao, likazipanda taratibu, katikati kabisa, likasimama juu ya lori kama limerudi nyumbani kwake.

Dereva aliacha kutafuna.

Shangazi akaanza kufuta machozi kwa ile futi. "Jamani Baba! Kumbe ulishakubali moyoni? Hata usingejisumbua kulipandisha mwenyewe!" Injinia alikaa chini kwenye vumbi, anashika mbavu. Fundi akanitazama. Mimi nikatazama kitabu.

Babu hakushuka. Alifikiri kidogo, mikono bado ipo kwenye usukani. Akashusha kioo. Akamuuliza Shangazi alisema nini siku ya Jumatatu. Si gari lifike barabara kuu, lirudi, na yeye awe kwenye usukani? Kuna mahali alitaja magurudumu yakanyage nini? Kisha akamgeukia mnunuzi: "Kijana, twende."

Yule bwana akamtazama Shangazi, akamtazama Babu, akaanza kucheka hadi akaegemea mlango wa lori. Akayafunga magurudumu kwa minyororo, akaondoka. Babu huko juu alikuwa anapiga honi na kukata kona kila lori lilipokata. Walifika barabara kuu. Walirudi. Gari likashuka kinyumenyume, limenyooka.

Shangazi alisema huo ni uhuni. Babu akasema, "Neno ulilitoa mwenyewe, mwanangu." Mnunuzi akajitolea kuwa shahidi. Shangazi akajikaza asicheke, akashindwa. Mwaka mmoja umetolewa! Vyerehani vinahamia chumba cha Injinia. Yeye alikuwa bado yuko kwenye vumbi, ila hacheki tena.

Jumapili, 10 Machi

Fundi alipita asubuhi. Akanieleza kwa upole kwamba boksi ni la gari ambalo dereva wake hukaa upande mwingine, ndiyo maana kila kitu kimekwenda kinyume. Kwamba kulia kwa gari ni kulia kwa aliyeketi ndani. Kwamba hata Mzee Nati angeniambia hivyo, kama ningemjibu tu swali lake. Atalibadilisha mwenyewe kesho. Babu asiendeshe kabla ya hapo.

Nimemshukuru. Nimetafakari kwa kina mchana kutwa. Fundi ni mtu mwema, lakini hakuona jedwali. Sita kati ya sita! Zaidi ya hayo, mpango ulikuwa gari libaki, na gari limebaki. Kama kuna kosa, liko kwenye mchoro. Huwezi kumsimamisha msomaji mbele ya gari halafu umtarajie awe amekaa ndani.

Nimewaandikia kiwandani Italia, kwa heshima zote, wausahihishe. Kamusi haina neno la mchoro wala la kosa, kwa hiyo nimetumia sentensi ya kulalamika hotelini. Nimewaambia ukurasa wa themanini na nne hauna maji ya moto.

Wataelewa.