Ruta ya Mama Yaenda Chuoni

Jumatatu, 4 Novemba

Nimeanza kuandika shajara. Watu wakubwa huwa nazo, na mimi niko njiani.

Siku mbaya. Mhadhiri wetu wa mitandao ya kompyuta, tunayemwita Mzee wa Kebo kwa sababu hutembea na kebo shingoni, ametangaza mtihani wa vitendo. Ijumaa hii. Kila mtu atatengeneza kebo yake kwa mikono yake, ataunganisha kompyuta na ruta, ataipa anwani, na kompyuta hiyo lazima iwasiliane na mashine kubwa iliyo mwisho wa maabara. Isipowasiliana, umefeli. Ukifeli, unarudia somo mwakani.

Mwakani! Mwakani ndipo mdogo wangu Kitinda anaanza somo hili hili. Chumba kile kile, benchi zile zile. Tangu niingie chuo nimekuwa nikimwambia Kitinda kwamba jambo lolote la mtandao aniulize mimi, kaka yake, mtaalamu. Sasa tukae benchi moja? Heri ardhi ipasuke.

Tatizo langu si akili. Ni vidole. Ndani ya kebo mna nyaya nane nyembamba zenye rangi, na lazima zipangwe kwa mpangilio maalumu kabla ya kuingia kwenye plagi na kubanwa kwa koleo. Vidole vyangu ni vinene. Leo nilipopima kebo yangu, taa za kipimo zilitakiwa kuwaka kwa zamu. Zikawaka zinavyojisikia. Mzee wa Kebo aliitazama, akasema kebo hii isitupwe, inafaa kuanikia nguo.

Darasa zima likacheka isipokuwa Bi Nadhifu, jirani yangu wa benchi, ambaye hata nyaya zake hukaa kama wanafunzi kwenye foleni ya asubuhi. Yeye alifanya vibaya zaidi. Alijitolea kunifundisha. Nikamwambia asante, nina mipango yangu.

Sikuwa na mipango yoyote. Ila nilikuwa nayo kabla sijafika nyumbani.

Jumanne, 5 Novemba

Mpango: kwa nini nihangaike kupanga ruta wakati Bi Nadhifu ameshapanga yake? Tulipopewa mapumziko na yeye akaenda kunywa maji, nilinakili mipangilio yake yote kwenye flashi na kuihamishia kwangu. Yote. Sikuacha hata nukta. Kazi ya nusu nusu siipendi.

Kumbe humo mlikuwa na anwani ya kompyuta yake. Sasa anwani ya kompyuta ni kama namba ya nyumba. Nyumba mbili zikiwa na namba moja, mpeleka barua anachanganyikiwa. Yake ikakatika. Yangu ikakatika. Bi Nadhifu akaanza kukagua plagi moja baada ya nyingine, nami nikamsaidia kushangaa.

Mzee wa Kebo akaja. Akafungua ruta yangu, na ruta, kwa heshima zote, ikamwandikia kwenye skrini: karibu kwenye ruta ya Bi Nadhifu, usiguse bila ruhusa. Jina lake kamili, na namba yake ya usajili. Nilieleza kwamba nilitaka kumuenzi mwanafunzi bora. Mzee wa Kebo akauliza kama Ijumaa nitamuenzi pia kwenye karatasi ya majibu. Sikuona sababu ya kejeli.

Bi Nadhifu hakupiga kelele. Alisema ningemwomba tu, angenionyesha mahali pa kubadilisha anwani. Anajiona bora kuliko mimi. Ni kweli ni bora, lakini ndiyo aonyeshe?

Jumatano, 6 Novemba

Nimepata! Nilikuwa nakunywa chai.

Juu ya kabati la sebuleni iko ruta yetu ya nyumbani, imefunikwa kitambaa cha kufuma cha mama. Simu ya mama ikiingia ndani inapewa anwani. Kompyuta ya Kitinda inapewa. Hata mgeni anapewa. Hakuna anayepanga chochote. Kiboksi chenyewe kinagawa, kama mama anavyogawa chakula. Basi nikipeleke maabara, nikifiche nyuma ya kabati la vibodi vibovu, nikichomeke kwenye tundu la mtandao ukutani. Ijumaa kompyuta yangu itapewa anwani bila vidole vyangu kuhusika. Na kebo nitakuja na moja ya dukani, imebanwa na mashine, imefichwa ndani ya mkono wa shati.

Kitinda akaniuliza mbona naitazama ruta kama mtu anayetaka kuposa. Nikamwambia ipo siku ataelewa. Akauliza basi, kaka, kuna tofauti gani kati ya ruta na swichi. Nikamwambia tofauti ni kubwa sana. Akasubiri niendelee. Nikamwambia chai inapoa.

Akasema pia kwamba usajili wa masomo unafungwa Ijumaa na ataufanya kesho kwa intaneti ya nyumbani. Nilimsikia kwa sikio moja. Lile lingine lilikuwa kazini.

Alhamisi, 7 Novemba

Niliichukua asubuhi kabla mama hajaamka. Chini ya kitambaa nikaweka boksi la biskuti. Umbo lile lile! Ukisimama mlangoni huwezi kujua.

Maabara ilikuwa tupu, yumo mfanya usafi tu. Akaniuliza natafuta nini nyuma ya kabati. Nikamjibu natafuta elimu. Akanipa ufagio nimsogezee na vumbi. Nikachomeka, nikawasha, nikajaribu. Kompyuta ikaandika: imeunganishwa. Sikuhitaji kujua zaidi. Nikaizima ruta, nikaipapasa mgongoni, nikaondoka nikipiga mluzi.

Nyumbani, msiba. Mama analalamika intaneti haipo. Kitinda anazunguka na kompyuta yake kama anayetafuta mahali pa kuiweka chini. Wakasema afadhali mtaalamu amerudi. Nikavua viatu, nikakagua ukuta, nikagonga gonga, nikatikisa kichwa. Nikawaambia hitilafu iko nje, kwa watoa huduma, itarudi kesho jioni. Mama akasema ndiyo faida ya kusomesha. Kitinda alitaka kuinua kitambaa, nikasimama katikati na kumwambia vifaa hivi havipendi kuguswa ovyo.

Akasema taratibu kwamba kesho ndiyo mwisho, asipojisajili atapoteza mwaka mzima. Moyo uliniuma, nakiri. Nilikaa kitandani karibu nimwambie. Halafu nikafikiria benchi moja na yeye, nikalala.

Ijumaa, 8 Novemba

Naandika nimejifungia chumbani.

Mtihani ulianza vizuri. Niliwasha ruta ya mama, nikaitoa kebo ya dukani kwenye mkono wa shati nikijifanya najikuna, nikaichomeka kompyuta yangu kwenye tundu la ukutani. Imeunganishwa! Nikakunja mikono. Nikawaonea huruma wenzangu waliokuwa wamekodolea nyaya macho.

Kisha kompyuta ya meza ya mbele ikakatika mtandao. Ikafuata ya nyuma. Ikafuata printa. Simu ya Mzee wa Kebo ikaita, ikaita tena. Jengo zima limekatika, na ofisi ya usajili ya ghorofa ya chini ina foleni mpaka barabarani.

Nikaanza kuelewa, na sikufurahi. Kompyuta za jengo hili huomba anwani kwa mashine ya chuo. Sasa wagawaji wamekuwa wawili, na ruta ya mama, iliyolelewa nyumbani kwa watu wakarimu, ilikuwa inajibu haraka kuliko yule mwenyeji. Ilikuwa inawapa watu wote anwani za sebuleni kwetu. Huko hakuna mashine ya chuo wala usajili. Kuna makochi tu. Hata kompyuta yangu, nilipoiangalia vizuri, haikuwa imefika popote.

Mzee wa Kebo hakubabaika. Alivua kebo shingoni, akasema mtihani umebadilika. Hitilafu ya kweli imekuja yenyewe. Atakayeipata na kueleza alivyoipata, ana alama zote.

Alama zote! Na hitilafu yenyewe najua ilipo, hata vumbi lake nalijua!

Nilianzia upande wa mbali, ili isionekane rahisi. Nikakagua dirisha. Nikasikiliza ukuta. Nilipogeuka nikaona Bi Nadhifu ameshasoma kwenye skrini anayegawa anwani ni nani, ameshaangalia kwenye swichi, pale kebo zote za maabara zinapokutana, tundu gani linaleta vurugu, na sasa anafuata kebo kwa kidole, taratibu, kuelekea kwenye kabati la vibodi vibovu. Nikaruka. Goti likagonga benchi. Nikajitupa nyuma ya kabati na kutoka na ruta mkononi, nimejaa utando wa buibui, nikisema nimeipata.

Watu wakapiga makofi. Bi Nadhifu alibaki na kidole hewani. Mzee wa Kebo akaniuliza nimeipataje. Nikasema ni harufu ya joto, uzoefu, na kumfikiria mhalifu anavyofikiri. Nikaongeza kwamba aliyefanya unyama huu asionewe huruma, watu wako foleni wanapoteza mwaka mzima. Nilizungumza kwa uchungu mpaka mwenyewe nikaguswa. Mzee wa Kebo akachukua kalamu.

Mlango ukafunguliwa. Ametumwa mtu kutoka kwenye foleni ya usajili, aje kuuliza mtandao utarudi lini. Aliyetumwa ni Kitinda.

Akamwamkia mwalimu kwa adabu. Kisha akaona nilichoshika. Akasema, wala hakupandisha sauti, kumbe ruta ya mama unayo wewe, kaka, sisi tumekuta boksi la biskuti.

Kalamu ikarudi mfukoni.

Jumamosi, 9 Novemba

Matokeo. Bi Nadhifu, alama zote. Mimi, narudia somo. Mzee wa Kebo amesema nimeileta hitilafu na kuipata mwenyewe, kwa hiyo hesabu ni sifuri. Nimemwomba anipe basi alama ya usafirishaji. Amekataa.

Kitinda alijisajili jana mtandao uliporudi, karani akiwa tayari ana funguo mkononi. Nilisimama naye kwenye foleni mpaka mwisho. Nilikuwa na aibu kweli, na nilipoona jina lake limeingia nilifurahi kuliko ningefurahia alama zangu. Hakunisema. Alisema tu kwamba mwakani atanishikia nafasi kwenye benchi. Mama amesema vizuri, mtoto hatakuwa mpweke, na ameifunga ruta kwenye kabati kwa kamba ya pazia.

Wakati tunasubiri kwenye foleni, Bi Nadhifu alikuja akamweleza Kitinda tofauti ya ruta na swichi, akamwazima na koleo lake. Leo asubuhi Kitinda amenieleza na mimi, mara mbili, kwa upole. Mara ya kwanza sikusikiliza. Mara ya pili nilikuwa namtazama vidole. Alikuwa anatengeneza kebo huku anaongea. Nyaya zote nane zilikaa mahali pake, akabana, akapima, na taa zikawaka kwa zamu bila kukosea.

Vidole vyembamba, vyepesi. Tumezaliwa tumbo moja na mimi sijawahi kuviona.

Nimemchemshia chai kwa mkono wangu, nikamkaribisha kiti, nikamwuliza: mwakani, siku ya mtihani, mtu akishatengeneza kebo moja nzuri hivyo, kinamshinda nini kutengeneza mbili?