Tanuri Chumbani kwa Baba

Jumatatu, 9 Juni 2025. Igamba.
Tulimzika baba juzi. Leo nimefunga tanuri chumbani kwake.

Sikuwa na njia nyingine. Mimi ni fundi wa maabara ya miamba chuoni, miaka kumi na minne, na jina langu halijawahi kutokea kwenye makala yoyote. Safari hii Profesa ameahidi. Sharti: vipimo vyangu virudiwe, vikubaliane, vimfikie Ijumaa. Mwenzangu Damiano anasema vile vya kwanza nilibahatisha. Basi nilipokuja msibani nilibeba mtambo mdogo wa akiba. Bila kuomba. Niliuviringisha kwenye blanketi, watu wakadhani ni spika.

Kazi yenyewe: kijiti cha olivini, jiwe la kijani kutoka chini sana ardhini, kinachomwa kwa moto mkali huku kikisokotwa polepole, kidogo kuliko unene wa unywele. Jiwe hufuata kwa kuchelewa. Kuchelewa huko ndiko kunakoonyesha linameza kiasi gani cha wimbi la tetemeko. Mtu akikanyaga kwa kishindo, kipimo kimekufa.

Chumba cha baba ndicho pekee chenye sakafu ya zege. Mama analala sebuleni na wafiwa wengine. Waombolezaji uani: kama arobaini.

Jumanne, 10 Juni.
Shangazi Ferista, dada yake baba, ameongoza kwaya uani tangu asubuhi. Anaimba kwa miguu. Kila ubeti ni mlima kwenye grafu yangu.

Nilimweleza kwamba madaktari siku hizi wanashauri watu waomboleze wakiwa wamekaa. Akauliza madaktari gani. Nikasema wa mjini. Akanishika shavu, akawatangazia watu kwamba Osea uchungu umemzidi. Wote wakahamia dirishani kwangu kunifariji. Beti sita.

Jumatano, 11 Juni.
Nilitangaza kwamba ukuta wa nyuma una ufa, uani si salama, watu wakae mbali. Nilisahau kwamba mdogo wangu Lusajo ni fundi mwashi huko Mpemba. Alikuja na pimamaji, akaugonga ukuta, akasema ni mzima. Lakini kwa kuwa kaka ana wasiwasi, akauongezea nguzo. Nyundo mpaka saa kumi na moja jioni.

Watu wanamsifu sana. Ndiye aliyemuuguza baba. Mimi nilifika kaburi limeshachimbwa.

Alhamisi, 12 Juni.
Nimepata njia. Mjane akiondoka, msiba unamfuata. Nilimwambia Lusajo kwamba Mama amechoka, presha itampanda, ampeleke kwake Mpemba, matanga yaanuliwe huko. Lusajo alinishika mkono, macho yamejaa machozi. Alisema alikuwa akidhani sijali.

Mama alisikiliza, kisha akauliza, "Ni mimi ninayekanyaga kwa nguvu, Osea?"

Nikasema hapana, Mama, ni afya yako tu.

Akafunga nguo zake mbili kwenye kitenge. Mlangoni akasimama. "Baba yako wiki ya mwisho alitaka tukupigie simu. Alikuwa na swali. Alitaka kujua kama hilo jiwe lako nalo linachoka."

Nikauliza mbona hawakupiga.

"Ulisema tusikupigie ukiwa unapima."

Nikamwambia ndiyo, linachoka, kidogo kidogo, kila linaposokotwa. Akaitikia kwa kichwa. Akasema angefurahi kulijua hilo. Kisha akapanda gari.

Ijumaa, 13 Juni.
Kimya. Sijawahi kupata mstari laini namna hii. Nimerudia mara nne, zote zimekubaliana. Nimetuma saa nane. Saa tisa Profesa amejibu: jina langu linaingia. Damiano ameandika pole ya msiba, ndefu, ya kiungwana. Imenikera.

Nilitaka kumwambia mtu. Nikatoka uani. Majivu, kuni mbili, sufuria ya kanisa. Nikapiga simu ya Mama, akapokea Shangazi. Nyuma yake walikuwa wakiimba. Akauliza nakuja lini. Nikasema tanuri halizimwi ghafla, jiwe litapasuka. Ni kweli. Lazima lipoe siku nzima. Akasema sawa, baba, kaa na jiwe.

Nikarudi ndani, nikakaa sakafuni karibu na mtambo. Nikalia. Kwenye grafu inaonekana: saa kumi na dakika nane mpaka saa kumi na nusu. Nimekifuta kipande hicho.

Jumapili, 15 Juni.
Nilifika Mpemba sala imekwisha. Matanga yameanuliwa. Mama alinitengea chakula, akaketi nami mpaka nikamaliza. Alisema atabaki kwa Lusajo. Nikamsihi arudi Igamba, nyumba ni yake. Akasema nyumba haimsumbui, ila kuishi humo akinyata hawezi tena. Alisema bila hasira. Afadhali angefoka.

Lusajo alinisindikiza kituoni. Alisema Mama anaomba jambo moja tu: arobaini ya baba, tarehe kumi na saba mwezi ujao, ifanyike Igamba, karibu na kaburi. Nikasema bila shaka.

Ndani ya gari nikasoma ujumbe wa Profesa. Anataka kipimo kingine, moto zaidi, katikati ya Julai.

Nimemwandikia Lusajo kwamba nimefikiria vizuri, na kwa faida ya wageni Mpemba pana nafasi zaidi. Ameusoma. Hajajibu. Nadhani anatafuta maturubai.