Kiti cha Bibi Ngan

Ijumaa, 25 Agosti

Nimefika Makau! Mke wangu Fung-yee nimemwambia nakwenda kununua biskuti za lozi za kuuza pale kwenye duka letu la tambi. Kanikazia macho. Kasema Jumatano ni sikukuu ya wafu, na mezani anataka kuniona mimi, si visingizio vyangu. Nikaapa.

Mpango wangu hauna kasoro. Huu ni Mwezi wa Mizimu, wafu wanazurura duniani. Wacheza kamari waoga wamejifungia kwao Hong Kong. Basi bahati yao imelala tu mezani, haina mwenyewe! Nimevaa chupi nyekundu ya bahati. Nimeingia kasino kwa mlango wa pembeni, maana ule wa mbele humeza bahati ya watu. Shemeji Pui-lam, kaka yake Fung-yee, kang'ang'ania kunifuata. Mtu mzima, lakini ukimgusa bega anaruka, eti taa ya roho yake itazimika.

Kufika saa kumi alasiri nimeliwa elfu nne. Pui-lam kashinda mia mbili na kanitangazia mara sita. Simpendi.

Jumamosi, 26 Agosti

Nimempata mtu wangu! Meza ya mwisho ya bakara, ule mchezo wa karata ambao tisa ndiyo kilele, bibi mmoja mwenye blauzi ya kijani. Bibi Ngan. Anashinda tu! Chai yake imejaa mpaka ukingoni na haipungui. Mgawa karata hamtupii jicho hata kidogo. Nikamwamkia kwa adabu, nikamwomba siri. Akasema bahati si yake, ni ya kiti. Kakikalia miaka kumi na tisa. Nikacheka, nikamwambia bibi, wewe kwa utani hujambo.

Pui-lam akaja kuniuliza naongea na nani. Nikamwonyesha. Akabadilika rangi. Kisha bibi akaniomba nimshikie kiti kidogo, anyooshe miguu. Pui-lam akanivuta shati, akaninong'oneza: wewe, wafu walionasa hutafuta mtu wa kushika nafasi yao, hata mtoto anajua!

Najua. Nani asiyejua? Lakini mzuka gani hunukia mafuta ya mnanaa? Wivu tu, kaona bahati inanijia mimi. Akakimbia. Mimi nikakaa. Kiti baridi, jamani! Bibi akaniachia neno moja, kwamba mtu wangu wa nyumbani akija kuniita kwa jina, mimi nigeuke, niitikie, nitainuka. Nitaitwa mara tatu tu, basi. Akatimua mbio, kwa umri ule, bila kutazama nyuma.

Jumapili, 27 Agosti

Nimeshinda mikono kumi na moja mfululizo! Naandika haya nyuma ya kadi ya kurekodi matokeo. Sina njaa. Sijakwenda chooni tangu jana. Goti langu halinisumbui tena, na daktari alitaka kunichaji pesa nyingi kwa ajili yake.

Pui-lam kapita na walinzi wawili. Kanitazama usoni kabisa, halafu akamwuliza mgawa karata kama kamwona mzee mwenye shati la mistari. Yule binti akajibu kwamba kiti hiki kitupu tangu jana. Kitupu! Hawa vijana wa siku hizi hawana heshima. Nilitaka kusema kitu, nikanyamaza. Pui-lam akijua nimeshinda atataka nusu.

Jumanne, 29 Agosti

Nimeogopa leo. Nakiri.

Nilikuwa nachungulia karata kwa ukingo, taratibu, nikaipuliza ili madoa yapungue, kama tufanyavyo sote. Pumzi haikutoka. Nikajaribu kwenye kiganja. Hakuna kitu. Nikataka kusimama, miguu ikakataa. Mbele yangu kuna chai iliyojaa mpaka ukingoni, na mimi sikuagiza chai.

Nimelia. Namtaka Fung-yee. Nataka mchuzi wake wa mbavu na kelele zake. Nimeapa kwa makaburi ya wazee wangu: akija kuniita nitageuka hapo hapo. Kamari basi! Maisha yangu yote yaliyobaki nitakata tambi.

Jumatano, 30 Agosti

Kaja! Bila shaka Pui-lam kamweleza kila kitu. Kasimama nyuma yangu, kashika kwa mikono miwili shati langu la bluu alilolitoa nyumbani, kama tunavyoshika nguo ya mtu tunapoita roho yake irudi. Akaita kwa sauti, watu wote wakimtazama: Wing-kau, rudi nyumbani, chakula kiko mezani.

Nikataka kugeuka. Lakini nilikuwa na karata nusu wazi! Ukigeuza shingo hapo bahati hukatika, yeye mwenyewe anajua. Nikasema moyoni, subiri kidogo, mama. Ikatoka tisa!

Akaita mara ya pili. Na mgawa karata alikuwa keshanisukumia karata nyingine. Mtu haachi mkono katikati. Nane! Nimeshinda tena!

Mara ya tatu sauti ilimkatika. Alisema jina langu tu. Nilikuwa nakunja ukingo, naona madoa yanakuja, mawili juu, mawili chini... Tisa!

Nikageuka. Pui-lam alikuwa anamwongoza mlangoni, shati limekunjwa kifuani mwake.

Ataninunia, namjua. Ndiyo, najua, bibi alisema mara tatu. Lakini ile ya kwanza haihesabiki, sikuwa tayari. Sheria zote zina upenyo, na mimi kwa upenyo ni fundi. Nitalifikiria vizuri nikimaliza mkono huu, maana bahati leo imenikubali.